Five Wishes, PREPARE, kadi za Go Wish au POLST: ipi inamfaa mzee wako huku Marekani

Mzee akishafikishwa emajensi na hawezi kuongea, madokta wanataka kujua kitu kimoja haraka sana: nani anaongea kwa niaba yake? Hapo ndo familia zetu zinapokwama. Baba mdogo wangu alipopata kiharusi alikuwa anaishi na mpwa wake, binti aliyemlea tangu ana miaka 4, ndo anajua dawa zake zote, ndo anajua mzee anaogopa nini na anataka nini, ila kwenye karatasi yeye sio mtoto wa kuzaa, na sheria ya jimbo inamtanguliza mtoto wa kuzaa, na huyo mtoto wa kuzaa yupo jimbo lingine na hawajasalimiana na baba yake miaka 6. Siku 11 za ICU. Grupu la WhatsApp lina watu wa Tanga, wa Muscat, wa Leicester, kila mtu anatuma voisi ana maoni yake, wengine wanasema mashine isizimwe kabisa wengine wanasema mnamtesa mzee, na yule mmoja aliyekuwa anajua kakalishwa kwenye viti vya korido anasubiri aambiwe.

Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, zile ndogo za wakaazi 6, kusini mwa Seattle, huu mwaka wa 9. Waswahili wengi huku ndo kazi yetu hii, tunawaogesha wazee wa watu, tunajua faili la kila mkaazi lina karatasi gani na msemaji wake ni nani, alafu ukituuliza za mama zetu wenyewe hamna hata moja. Kwa hiyo baada ya ile ya baba mdogo nikaamua kuzikalia hizi zana za kupanga matibabu ya mwisho wa maisha moja moja, zingine nimezijaza na mama mkubwa wangu, zingine naziona kazini kila siku. Nazilinganisha hapa kwa macho ya familia kama zetu, yaani mzee haongei Kiingereza, watoto wametawanyika nchi tatu, na neno "kufa" halitamkwi mezani.

Kwanza tusichanganye mambo

Kuna zana za kuanzisha maongezi, kuna hati unayosaini wewe mwenyewe ukiwa na akili timamu, na kuna oda ya dokta. Watu wanazichanganya sana hizi, unakuta mtu anasema "mama ameshajaza" kumbe kajaza kijitabu cha maswali ambacho hospitalini hakina nguvu yoyote ya kisheria. Na mwingine ana hati safi imesainiwa ila hajawahi kumwambia mtu yeyote, imekaa kwenye sanduku pamoja na vitenge.

Hati yenyewe kawaida ina sehemu mbili, ya kumtaja msemaji wako (mtu wa kuamua mambo ya matibabu kama wewe huwezi) na ya kusema unataka nini na hutaki nini. Kama muda wako ni mdogo fanya hiyo ya msemaji kwanza, nasema hivi kwa moyo wote. Hapa jimbo la Washington kama hujataja mtu sheria inafuata orodha: mume au mke, watoto wakubwa, wazazi, ndugu wa kuzaliwa, wajukuu, na kuendelea kushuka mpaka huko chini. Sasa weka familia yetu kwenye hiyo orodha. Mama mdogo aliyekulea yuko wapi? Mke mliyetoleana mahari na kufunga ndoa kwa shehe au kwa wazee ila haijawahi kusajiliwa popote yuko wapi? Yule unayemwita "kaka" ambaye ni mtoto wa baba mkubwa? Kwenye Kiswahili wote ni watu wa ndani kabisa, kwenye orodha wako mbali au hawamo. Karatasi moja tu inawapandisha juu.

Na usidhani ni ya wazee peke yao. Kesi tatu zilizobadilisha mambo haya nchi hii zilikuwa za wasichana: Karen Ann Quinlan wa New Jersey alipoteza fahamu 1975 akiwa na miaka 21, Nancy Cruzan wa Missouri alipata ajali ya gari 1983 akiwa na miaka 25, Terri Schiavo wa Florida moyo ulisimama 1990 akiwa na miaka 26. Hakuna kati yao aliyekuwa ameandika chochote. Ya Schiavo ndo iliyoniuma zaidi manake mume na wazazi wake walipelekana mahakamani miaka na miaka, mpira wa kulishia ukatolewa ukarudishwa ukatolewa tena, mpaka alipofariki tarehe 31 Machi 2005. Kesi ya Cruzan iliamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya nchi 1990, na mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kuzitaka hospitali zinazopokea hela za Medicare na Medicaid (bima za afya za serikali) zimuulize mgonjwa anapolazwa kama ana hati. Ndo lile swali unaloulizwa mapokezi ukiwa umechanganyikiwa na unajibu "hapana" ili upite.

Za kuanzisha maongezi: Conversation Project na Go Wish

Conversation Project ilianzishwa na Ellen Goodman, mwandishi wa magazeti wa Boston aliyewahi kupata tuzo ya Pulitzer, baada ya kujikuta anaamua kila kitu kwa ajili ya mama yake bila kujua mama mwenyewe angetaka nini. Ilizinduliwa 2012. Ni vijitabu vya bure, unadaunlodi unaprinti, vina maswali ya kukusogeza taratibu: nini ni cha muhimu kwako, ungependa kujua mangapi kuhusu ugonjwa wako, nani awepo, unataka kuongea na nani na lini. Kuna cha kuchagua msemaji, kuna cha anayemtunza mtu mwenye dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu). Uchunguzi wao wenyewe wa 2018 ulikuta Wamarekani 92 kwa 100 wanasema maongezi haya ni muhimu, waliokwisha kuongea 32 tu, kwa hiyo sio sisi peke yetu tunaokwepa.

Kwa mtoto msomi anayetaka kujiandaa kabla ya kwenda kwa mzazi hicho kijitabu ni kizuri sana, kinakupa maneno. Ila kwa mzee mwenyewe naona hakiendi. Maswali yana mizani ya kuchora duara kati ya 1 na 5, na mzee wetu ukimwambia "kati ya 1 na 5 unapenda dokta aamue kiasi gani" atakuangalia tu, atakwambia andika unavyoona mwanangu. Sio kwamba hana jibu. Majibu yake yanakuja kwa hadithi, na duara halina pa kuweka hadithi.

Hapo ndo kadi za Go Wish zilinishangaza. Zilitengenezwa na Coda Alliance, shirika la huko bonde la Santa Clara, California. Kadi 36, kila moja ina sentensi fupi ya kitu ambacho mtu anaweza kukitaka mwisho wa maisha, moja ni jokeri unaipa maneno yako mwenyewe. Unazipanga mafungu matatu: muhimu sana, muhimu kiasi, sio muhimu. Alafu lile fungu la muhimu sana unalipanga upya mpaka upate kumi za juu. Basi, hakuna la zaidi.

Mama mkubwa ana miaka 78, kisukari cha muda mrefu na moyo umepanuka, aliuza vitenge Ngamiani miaka 30 kabla ya kuja kukaa na binti yake. Nilienda Jumapili baada ya chakula, nikamwambia mama mkubwa leo tunacheza karata, akacheka akasema karata za wazungu hizo nionyeshe. Nikawa nasoma moja moja kwa Kiswahili, yeye anaweka. Ya kutokuwa na maumivu akaiweka katikati, nikadhani hajaelewa, nikamrudia. Akasema maumivu nayajua, hayanitishi. Ya kuswali na kuombewa ikaenda juu moja kwa moja bila kufikiria. Ya kushikwa mkono ikaenda juu. Alafu tukafika kwenye ile inayosema kutokuwa mzigo kwa familia yangu. Akaishika muda mrefu. Akaniambia soma tena. Nikasoma. Akaiweka kwenye fungu la sio muhimu, akasema, "Wote wanne nimewabeba mgongoni. Mzigo gani?" Binti yake alikuwa anaosha vyombo, akafunga bomba, akabaki amesimama pale pale na mikono ina mapovu.

Mimi kazini nimeona wazee wa Kimarekani wengi wanaiweka kadi kama hiyo juu kabisa, wanalia wakiigusa. Kwa mama mkubwa ilikuwa kama tusi. Hii ndo sababu nasema usimjazie mzee kwa kukisia, hata kama ni mama yako, hata kama mmeishi nyumba moja miaka 40. Na jokeri aliitumia, akasema niandike: kaka yangu wa Pangani aambiwe kabla mtu hajasaini chochote. Hakuna kadi ya hivyo kwenye zile 35, na kijitabu chochote nilichosoma hakina swali hilo, ila kwa familia yetu ndo jambo lenyewe.

Mapungufu ya kadi yapo. Za mkononi lazima uzinunue, zangu ni za Kiingereza kwa hiyo unahitaji mtu wa kutafsiri anayejua kutulia asitie maneno yake, na zikiisha mezani huna karatasi ya kisheria. Piga picha ya zile kumi za juu, andika tarehe nyuma, mpe msemaji. Usiishie hapo.

Hati zenyewe: Five Wishes na PREPARE

Hapa ndo watu wengi wananiuliza ipi bora, na jibu langu limebadilika mara mbili.

Five Wishes ilitengenezwa na Jim Towey wa shirika la Aging with Dignity kule Tallahassee, Florida, mtu aliyewahi kufanya kazi na Mother Teresa kama mwanasheria wake, na ukiisoma unaona kabisa imeandikwa na mtu aliyekaa karibu na vitanda vya watu. Ilianza Florida 1997 ikaenea nchi nzima. Ina matakwa matano: nani aniamulie, matibabu gani nataka au sitaki, nitulizwe vipi, watu wanihudumie vipi, na wapendwa wangu wajue nini. Mbili za kwanza ndo sheria. Tatu za mwisho ndo utu. Kuna mistari humo sikutarajia kuikuta kwenye fomu: nikiwa na homa niwekewe kitambaa chenye maji baridi kichwani, midomo yangu iloweshwe isikauke, nikandwe na mafuta ya uvuguvugu, nishikwe mkono na kuongeleshwa hata kama naonekana sisikii, picha za watu wangu ziwe karibu na kitanda. Na kwenye la tano kuna mahali mtu anaomba asamehewe na waliomkosea anawasamehe, na anaomba familia wapatane kabla hajafa kama inawezekana. Usichokitaka unakikata kwa mstari. Kuna pia pa kusema mwili wako uzikwe au uchomwe na uwekwe wapi, na hii kwetu ni kubwa mno, manake mmoja anataka apelekwe Moshi kwenye kihamba chao na mwingine kama mama mkubwa anataka azikwe hapa hapa haraka iwezekanavyo kwa taratibu za dini, na usipoandika watu wataanza kuchangishana hela za ndege maiti ikiwa bado mochwari.

Mimi kama mhudumu naipenda Five Wishes kuliko zote kwa sababu inaniambia nifanye nini saa 9 usiku. Fomu nyingine inaniambia usimwekee mashine, sawa, ila mashine siweki mimi. Mimi naweka kitambaa.

Shida zake sasa. Ni ya kununua, dola 5 hivi kwa kopi ya karatasi, sio hela nyingi na hospitali au hospisi (huduma za wagonjwa walio mwishoni mwa maisha) nyingi zinaitoa bure ukiuliza. Inakubalika majimbo karibu yote ila kuna machache yanadai fomu yao wenyewe, kwa hiyo uliza kwanza la kwenu, hasa kama mzee anahamishwa hamishwa kati ya watoto, miezi sita Texas miezi sita Minnesota. Imetafsiriwa lugha nyingi, Kifaransa, Kiarabu na Kisomali zimo, kwa hiyo ndugu zangu wa Kongo na Burundi mnaosoma Kifaransa mna unafuu hapo. Na maneno ya lile takwa la pili, la matibabu, bado ni mazito kwa mtu aliyeishia darasa la saba.

PREPARE for Your Care imetoka kwa Rebecca Sudore, dokta wa wazee wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na lengo lake tangu mwanzo lilikuwa watu ambao fomu za kawaida zinawashinda. Tovuti ni bure, maandishi makubwa, kuna sauti inasoma, na kuna video za kuigiza, familia zimekaa zinaongea na dokta, unaona mtu anakosea kuuliza alafu anauliza vizuri. Inakupitisha hatua 5, na fomu zake za kisheria zipo kwa kila jimbo, bure, kwa Kiingereza cha kiwango cha darasa la tano na Kihispania, zina na picha. Walipima pia: kwa wazee 986 wa San Francisco, waliopewa fomu rahisi peke yake theluthi moja hivi walifikia kuwa na kitu kipya kilichoandikwa kwenye faili lao, waliopewa fomu pamoja na tovuti wakawa 43 kwa 100. Fomu yenyewe ikiwa nyepesi tayari inasaidia, video zinaongeza.

Ila kilichonivuta mimi ni swali lake moja ambalo sehemu nyingine limefichwa: unampa msemaji wako uhuru kiasi gani? Anaweza kubadilisha uamuzi wako kama madokta wanaona kuna njia bora? Kwa yote, kwa baadhi, au asibadilishe kitu? Mama mkubwa alipoulizwa hilo kwa Kiswahili alikaa sawa kwenye kochi. Akasema binti yangu ana uhuru wote, ila mambo mawili hana: kaka yangu aambiwe kwanza, na asiniache nikaoshwa na mwanaume. Yote mawili tukayaandika kwenye ile nafasi ya maneno. Yaani ile jokeri ya kwenye kadi ndo ilipata nyumba yake pale, na ndo maana nikasema kadi zinatangulia fomu inafuata, ukianza na fomu yale maneno hayatoki.

Kwa hiyo kama nalazimishwa kuchagua moja tu kwa familia ya kawaida ya Kiswahili huku: fomu ya PREPARE ya jimbo lako. Ni bure, ni ya jimbo lako hasa, na mkalimani anaweza kuisoma bila kujikwaa. Five Wishes nampa mtu anayesoma mwenyewe, mwenye imani anayotaka iheshimiwe, ama mwenye ugomvi ndani ya familia anaotaka kuusema. Ukipenda yale ya kitambaa na mafuta yaandike kwa mkono wako kwenye nafasi ya fomu ya PREPARE, hakuna anayekukataza. Tafadhali tu usisaini zote mbili zikiwa na wasemaji tofauti. Mtu mmoja niliyemsaidia alimtaja mtoto mkubwa kwenye moja na mtoto wa mwisho kwenye nyingine ili asiwaumize, na alikuwa ameandaa vita bila kujua.

Kwenye kusaini ndo tunaharibu sana. Hapa Washington ni mashahidi wawili, na wasiwe ndugu. Sisi tunaita shangazi na shemeji waje washuhudie manake ndo heshima, na hati inakuwa na kasoro siku ileile. Wala sio msemaji mwenyewe, wala sisi wahudumu wake. Jirani, mtu wa msikitini au kanisani asiye na undugu nanyi, au nenda kwa notari (mtu wa kuthibitisha sahihi kisheria), benki nyingi zinafanya bure kwa mteja wao. Na anayesaini ni mzee, kwa hiyo mzee aende na kitambulisho chake.

Za wagonjwa tayari: POLST na ile ya dimensia

POLST sio ya kila mtu na nitaipita haraka. Ilianzia Oregon miaka ya 1990 mwanzoni kwa sababu watu wa ambulensi hawafuati hati zako, wao wakikuta moyo umesimama wanakandamiza kifua, mbavu zivunjike zisivunjike, mpaka waone oda ya dokta. POLST ndo hiyo oda. Inasainiwa na dokta (au nesi mwenye mamlaka) pamoja na mgonjwa au msemaji wake, karatasi ya rangi kali, hapa Washington ni kijani cha ndimu, California ni pinki. Maswali yake ya msingi ni mawili: moyo ukisimama tuushtue au tusiushtue, na kama unapumua ila unaumwa sana tufanye yote, tufanye baadhi, au tukutulize tu. Inamfaa mtu ambaye ni mgonjwa sana au dhaifu kiasi kwamba dokta wake hatashangaa akifariki ndani ya mwaka mmoja hivi. Mzee mzima wa afya anayetembea sokoni haihitaji, na hakuna nyumba ya wazee inayoruhusiwa kukulazimisha uijaze. Ukipewa uijaze mlangoni siku ya kuingia pamoja na mikataba mingine, iweke pembeni omba muda wa dokta. Na majimbo mengine yanaiita kwa jina jingine, New York wanasema MOLST.

Alafu kuna moja ambayo watu wetu hawaijui kabisa, na nimeona dimensia kwa macho yangu miaka 9 kwa hiyo naisemea. Dokta Barak Gaster wa Chuo Kikuu cha Washington, hapa hapa Seattle, aliitoa 2017, ni kurasa chache, bure mtandaoni. Inaeleza dimensia ikiwa nyepesi inakuwaje, ya kati inakuwaje, kali inakuwaje, na kwa kila hatua unachagua lengo: kuishi muda mrefu iwezekanavyo, au matibabu ila sio kushtuliwa moyo na mashine ya kupumulia, au nitibiwe nilipo nisipelekwe hospitali, au nitulizwe tu. Hati za kawaida zinaongelea koma na saa za mwisho, ila dimensia ni miaka, mtu anakula anacheka hamjui mwanawe, na ndo maswali magumu yanapokuja, nimonia ya tatu tumpeleke au tusimpeleke? Lazima ijazwe mapema mtu akiwa bado anajua anachosema. Sio badala ya hati, inaambatanishwa.

Kuhusu kutafsiri

Mtoto asiwe mkalimani wa maongezi haya kwa dokta. Najua ndo tunavyofanya, najua unaona aibu kuita mgeni, ila nimesikia kwa masikio yangu dokta anasema moyo umechoka na hauna tiba tena, na mtoto anamgeukia baba anasema "dokta anasema utumie dawa vizuri, inshallah utapona". Simlaumu, nani ana ulimi wa kumwambia baba yake hivyo. Ndo maana awepo mtu mwingine. Kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964 hospitali na kliniki zinazopokea hela za serikali zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, sema tu "Swahili interpreter" unapopiga kuchukua apointimenti, wa simu au wa video anapatikana. Mwambie mkalimani kabla kwamba mtaongelea mambo ya mwisho wa maisha, ajipange, na mwombe asitumie "mashine ya kukusaidia kuishi" manake nani atakataa kusaidiwa kuishi. Aseme ni mpira kooni unaopumua badala yako, ukiwa nao huwezi kuongea, unalazwa kwa dawa za usingizi. Mzee aelewe ndo aamue.

Kama mzee ana Medicare, tangu Januari 2016 inamlipa dokta kwa ajili ya maongezi haya, na yakifanyika ndani ya ile chekapu ya mwaka hamchajiwi. Waliokuja uzeeni wengi hawajafikisha ile miaka 5 ya ukaazi hivyo hawana Medicare, kwa hao kliniki za jamii zina wafanyakazi wa ustawi wanaokaa na wewe ukiomba.

Ikishasainiwa piga kopi nyingi. Moja kwa msemaji, moja kwa dokta wa kila siku iingizwe kwenye faili, moja picha kwenye simu, na kwenye iPhone weka namba ya msemaji kwenye Medical ID ili ifunguke hata simu ikiwa imefungwa. Ya kijani ya POLST kama ipo inabandikwa kwenye friji, watu wa ambulensi wanajua kuangalia hapo.

Hati ya mama mkubwa ilimalizika mwezi uliofuata, mashahidi wakawa jirani wa ghorofa ya chini na mwalimu wa madrasa. Tukampigia picha kila ukurasa, binti yake akamtumia mjomba kule Pangani na voisi ndefu ya kumweleza. Alijibu baada ya swala ya isha. Kasema amesikiliza yote, amemshukuru Mungu, alafu akauliza: namba yangu mmeandika ile ya zamani au hii? Tukaenda kuangalia. Ilikuwa ile ya zamani. Jumatatu tulirudi tena kwa dokta na karatasi mpya.